Koch Wenu Tunamjua



Katika toleo lililopita mwenzetu mmoja (simtaji jina, ni mshikaji wangu na bado ana kitabu changu) alijaza kurasa tatu nzima kutulaumu sisi vijana tunaojiita waandishi. Kasema tumeng'ang'ania mambo mawili tu, mapenzi na ujambazi. Binti anatoka kijijini, anakwenda Dar, anaharibikiwa. Au jambazi anavaa miwani ya jua, anaiba benki, mwisho anapigwa risasi. Hapo sina ubishi naye hata kidogo. Lakini dawa aliyotuandikia ndiyo iliyonichefua. Eti tuandike maisha ya watafiti wakubwa wa tiba, wale walioanzisha elimu hii ya afya ya jamii, ili vijana wapate watu wa kuiga. Vizuri. Halafu akawapanga mstari: Robert Koch, Louis Pasteur, Alexander Fleming. Na kwa vile kwetu hakuna watu wa namna hiyo, basi tuwachukue hao tuwatie Kiswahili.

Kwetu hakuna! Banange!

Mimi nimezaliwa Nkwenda, ambako zamani tulikuwa wilaya ya Karagwe na tangu 2012 tunaitwa Kyerwa. Nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu si ya kuandikia gazetini, na siku hizi niko Kayanga nauza duka la steshenari. Wanafunzi wa uuguzi na wa udaktari huja kutoa fotokopi za makala zao za Kiingereza, na ile inayonivutia najitolea nakala ya pili kwa hela yangu mwenyewe. Mwingine hunywa soda, mimi nanunua kurasa. Kwa hiyo haya ninayoyasema sikuyasomea chuoni. Nimeyaokota kidogokidogo kwa kamusi na taa. Ila nimeyaokota ya kutosha kujua kwamba mshikaji wangu katudanganya, na ubaya zaidi, kajidanganya mwenyewe.

Nasema hivi: Koch haletwi kwetu kwa tafsiri. Alishafika mwenyewe. Alipofika alikuta watu, akawatumia, wengine akawapa nafuu ya muda na wengine akawaacha vipofu. Anayetaka kuandika maisha yake kwa Kiswahili huku akiwaacha watu hao nje ya kitabu, huyo haandiki maisha ya mtu. Anaandika tangazo la biashara.

Tusimvunjie heshima mzee wa watu. Koch alikuwa daktari wa wilaya tu huko kwao, anatibu wagonjwa mchana na jioni anachungulia hadubini. Mwaka 1876 akaonyesha mdudu wa kimeta. Tarehe 24 Machi 1882 akasimama mbele ya wenzake Berlin akawaonyesha mdudu wa kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa ukiua Ulaya nzima bila kuchagua. Miaka ya 1883 na 1884 alikuwa Misri na India akifuata kipindupindu. Mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel. Huyo ni mtu kweli. Lakini mshikaji wangu hakusema kwamba mwaka 1890 Koch huyohuyo alitangaza dawa ya kifua kikuu aliyoiita tuberculin, wagonjwa wakamiminika, na dawa haikuponya. Katika makala ya kurasa tatu habari hiyo haikupata hata mstari. Kwa nini? Kwa sababu tukishamfanya mtu malaika hatutaki kumwona akitoka jasho. Basi hata riwaya hapo haipo, maana msomaji anajua toka ukurasa wa kwanza kwamba bwana mkubwa atashinda.

Sasa tuje nyumbani.

Mwaka 1897 Koch alikuwa Dar es Salaam, ametokea India kwenye tauni. Wakati huo kulikuwa na habari za ugonjwa mbaya wa mitoki huku kwetu magharibi mwa ziwa, Kiziba, sehemu ambayo leo iko wilaya ya Missenyi. Wenyeji walikuwa na jina lake, Wajerumani wakaliandika rubwunga. Daktari wa jeshi, Zupitza, akaenda huko kuchunguza, na Koch akathibitisha kwamba ni tauni yenyewe, ileile ambayo Yersin alimwona mdudu wake Hong Kong mwaka 1894. Mwaka 1898 Koch akautangazia ulimwengu kwamba huku ndani ya Afrika kuna kiota cha tauni. Sifa zikaenda Berlin.

Lakini someni vizuri hapo katikati. Hao watu wa Kiziba walikuwa wanajua tayari kwamba panya wakianza kufa ndani ya nyumba, binadamu anafuata. Na walikuwa na dawa yao: unahama. Unaiacha nyumba na migomba yako unakwenda kukaa mbali. Kwa Mhaya kuacha migomba si jambo dogo, jamani, ni kama kumwambia mtu wa Kariakoo aache duka wazi aondoke. Walifanya hivyo kwa sababu walikuwa wameangalia, wakahesabu, wakakumbuka, wakaambizana. Kule Karachi mwaka huohuo wa 1898 Mfaransa Paul-Louis Simond alipata jibu la swali lililobaki, kwamba kiroboto ndiye anayeichukua tauni kutoka kwa panya na kuileta kwa mtu. Wakubwa wa sayansi wakamcheka karibu miaka kumi. Miaka kumi wataalamu wanabishana kama panya wanahusika vipi, na huku Kiziba mtu asiyejua kusoma anaona panya kalala chali, anafunga mzigo wake.

Sisemi kwamba mzee wa Kiziba alikuwa na hadubini. Hakuwa nayo, na mdudu hakumwona. Nasema kwamba alifanya utafiti, na utafiti wake uliokoa watu wake. Mtu huyo hana jina kwenye kitabu chochote. Na ninyi mnasema kwetu hakuna!

Tauni niliitaja ili kuwasha moto tu. Kisa chenyewe ni malale.

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliangusha watu pembezoni mwa ziwa upande wa Uganda, watu wapatao laki mbili na nusu kwa hesabu zinazotajwa. Visiwa vikabaki na nyani. Mwaka 1906 serikali ya Ujerumani ikamtuma Koch. Akapiga kambi visiwa vya Ssese, upande wa Waingereza, kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi huko. Dawa aliyobeba iliitwa Atoxyl. Jina hilo maana yake ni kama kusema "isiyo na sumu", na ndani yake mlikuwa na aseniki. Hapo hata mimi niliyeshindwa kemia ya kidato cha nne nashtuka.

Wagonjwa walikuja kwa mamia. Walikuja kwa mitumbwi, walibebwa, walijikokota. Sindano za mwanzo ziliwapa nafuu ya ajabu: aliyekuwa halali usiku analala, aliyekuwa hatembei anatembea, na damuni wale wadudu hawaonekani tena. Fikirini sauti ilivyosambaa visiwani. Halafu wadudu wakarudi. Koch akaongeza dozi. Akaiongeza mpaka gramu nzima. Sindano zenyewe zilikuwa zinauma vibaya, watu wakaanza kutoroka kambini usiku. Na wengine macho yakaanza kufifia. Waliopofuka moja kwa moja, wasione tena, walihesabiwa 22.

Ishirini na wawili. Nawaomba msiikimbie namba hiyo. Kila mmoja wao alikuwa na kwao, na alikuja kwa miguu yake kwa sababu alimwamini mgeni mwenye miwani kwamba anajua anachofanya. Hakuna aliyemwambia, "Bwana, hii dozi sijawahi kuijaribu, wewe ndiye wa kwanza." Siku hizi kuna fomu, unasainishwa, unaelezwa. Hiyo fomu haikushuka kutoka mbinguni. Ilitoka kwa watu kama hao wa Ssese, na kwa wengine wengi duniani walioumizwa hivyohivyo. Katika orodha ya waanzilishi wa sayansi ya afya mimi ningewaweka wao mapema kabisa, maana bila wao hakuna ambaye angejua kwamba hapo ndipo pa kusimama.

Koch aliondoka mwaka 1907. Alichoacha kwa Wajerumani ni ushauri: wagonjwa wakusanywe kambini, watengwe, wadungwe. Kambi moja ikawekwa Kigarama, hapohapo Kiziba. Wengi wa waliougua huko Kiziba walikuwa wameukuta ugonjwa ng'ambo, Uganda, walikokwenda kutafuta kazi. Vijana wa umri wetu hao, wametoka kutafuta maisha, wamerudi na usingizi. (Nani ambaye hana ndugu aliyevuka Murongo kwenda kutafuta vibarua akarudi mgonjwa? Hadithi ni ileile, ugonjwa ndio umebadilika jina.)

Na hapa ndipo kalamu yangu inapowasha. Malale hujionyesha mapema kwenye tezi za shingo. Zinavimba. Daktari anadunga tezi, anatoa majimaji, anatazama kwenye hadubini. Lakini daktari ni mmoja na vijiji ni vingi, na daktari mzungu akionekana njiani watu wanaingia migombani. Basi wakaajiriwa vijana wa hapahapa. Kazi yao ilikuwa kupita nyumba hadi nyumba wakipapasa shingo za watu. Mjerumani aliwapa jina kwa lugha yake lenye maana ya wapapasa-tezi. Wakiona tezi ina mashaka, mtu anapelekwa Kigarama.

Sasa nieleze, mshikaji wangu, wewe unayetafuta wahusika Paris na London. Kijana wa Kiziba, labda miaka ishirini, vidole vyake vimejifunza kujua tezi nzuri na tezi mbaya kuliko daktari mwenyewe. Anaingia kwa jirani. Mle ndani kuna shangazi yake. Anamshika shingo. Anaijua tezi hiyo. Akisema ndiyo, shangazi anapelekwa kambini kwenye sindano zinazouma na ambazo watu wanasema zinaharibu macho. Akisema hapana, shangazi anabaki nyumbani na atalala mpaka afe, na mbung'o wakimuuma labda wengine watamfuata. Anasema nini? Anapokea mshahara wa nani? Jioni akipita njiani wanamwamkia au wanamgeuzia mgongo? Riwaya hiyo haijaandikwa kwa Kiswahili. Badala yake mnataka nisimulie Fleming alivyosahau sahani yake ikaota ukungu. Fleming wenu amesimuliwa mpaka ukungu wenyewe umechoka.

Najua mtakachosema. Hiyo ni Kiziba, ni ziwani huko, Karagwe yenu na Kyerwa yenu ziko wapi? Haya, tupande mlima.

Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Bweranyange, kwa Rumanyika, mtawala wa Karagwe. Grant akashikwa na mguu. Ukavimba, ukakakamaa, ukatoa majimaji mengi. Januari 1862 Speke akaenda zake Buganda kutafuta chanzo cha Nile na umaarufu, mwenzake akabaki chini hapa kwetu mpaka Aprili. Miezi hiyo alihudumiwa na nani? Na Wanyambo. Walimkanda kwa tope la ziwani lililochanganywa na chumvi na mavi ya ng'ombe, likiwa la moto, na yeye mwenyewe kaandika kitabuni mwake cha mwaka 1864 jinsi mguu ulivyokuwa. Wataalamu waliosoma maelezo hayo miaka mingi baadaye wanaona kwamba huenda huo ulikuwa ni ugonjwa wa vidonda ambao leo unaitwa Buruli, kwa jina la sehemu moja ya Uganda. Albert Cook aliviona vidonda vya namna hiyo Mengo mwaka 1897, na mdudu wake akaja kuelezwa Australia mwaka 1948. Kwa hiyo moja ya maandishi ya mwanzo kabisa kuhusu ugonjwa huo duniani yametoka Bweranyange, mwendo wa nusu siku kutoka hapa nilipokaa. Shuleni tulifundishwa Speke na Grant mpaka tukawachoka, na hakuna mwalimu aliyetuambia habari ya mguu. Mtihani haukuuliza mguu.

Waliomkanda? Hawana jina.

Mnaona ninakoelekea. Si kwamba namchukia mzungu. Kuna mmoja ambaye ningekuwa na uwezo ningemwandikia kitabu kizima: John Ford. Huyu alikuwa mtaalamu wa mbung'o, alifanya kazi Tanganyika wakati wa Waingereza, na alifika Karagwe. Wenzake wakiangalia mbung'o waliona inzi na pori la kufyeka. Ford akakaa na wazee. Yeye na mtawala mmoja aitwaye Hall wakaandika historia ya Karagwe, ikachapwa mwaka 1947. Inzi amempeleka mtu kwenye historia! Humo unaona nchi yenye watu na ng'ombe, halafu inakuja sotoka mwishoni mwa karne ya 19 inamaliza ng'ombe, inakuja ndui, wakubwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, watu wanapungua. Watu wakipungua na ng'ombe wakifa nani atakula majani, nani atafyeka? Pori linarudi. Pori likirudi wanyama wanarudi, na mbung'o anawafuata. Mwaka 1971 Ford akatoa kitabu chake kikubwa, na hoja yake ni ya kuwatia aibu waliomtuma: kwamba Waafrika walikuwa wanajua kuishi na mbung'o kwa kumweka mbali, na kwamba wakoloni walioingia kwa mbwembwe za kuja kuokoa watu ndio waliovuruga mpango huo. Mtumishi wa serikali ya kikoloni huyo, anaandika hivyo! Ukipita leo Ibanda na Rumanyika, ambazo tangu 2019 zimekuwa hifadhi za taifa na watalii wanalipa kuona swala, kumbuka maneno ya Ford. Pengine swala anakula palipokuwa shamba la mtu.

Huyo ndiye mtafiti wa kuigwa, na sababu yake ni ndogo tu: aliuliza, na alipojibiwa akaandika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalikwepa, maana hapo wahusika hawana kofia za kikoloni. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza watatu wa UKIMWI Tanzania walionekana mkoa wetu huu wa Kagera. Kabla ya hapo watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichotoka Uganda. Wazee wanasimulia kwamba palikuwa na wakati hata kusema unatoka Bukoba ilikuwa aibu. Katika hali hiyo, mwaka 1987, kikosi cha watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden kilianza kupita nyumba kwa nyumba mkoa mzima. Profesa Japheth Killewo. Profesa Fred Mhalu. Baadaye Gideon Kwesigabo. Nimeyaandika majina kwa makusudi. Niliwauliza vijana kumi waliokuja dukani wiki moja, wengine wanasomea afya: hakuna hata mmoja aliyemtaja Killewo, na wote walimjua Fleming.

Walichofanya kinaonekana kidogo mpaka ukifikirie. Hawakukaa hospitali kungoja wagonjwa, kwa sababu hospitali inakuonyesha anayeumwa tu. Walichagua vijiji, wakachagua nyumba, wakagonga mlango kwa mtu mzima ambaye hana homa wala kikohozi, wakamwomba damu. Mwaka 1987! Jirani kazikwa juzi. Mtu anakuomba damu na kukuuliza umelala na nani. Mimi mtu akija dukani akaniuliza bei ya daftari kwa sauti ya juu nakasirika. Na watu walitoa. Kwa damu hiyo tukajua kwamba Bukoba mjini katika watu wazima 100, waliokuwa na virusi ni 24. Bukoba vijijini na Muleba 10. Karagwe yetu, wakati huo Kyerwa ikiwa ndani yake, asilimia 4.5. Ngara na Biharamulo haikufika hata nusu ya mmoja kwa mia. Mkoa mmoja, ugonjwa mmoja, na tofauti kama usiku na mchana. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na nadharia yake na kila nadharia ilikuwa na mtu wa kulaumiwa: mara wachuuzi, mara wanajeshi, mara wanawake, wanawake, wanawake.

Wakarudi tena na tena. Bukoba mjini ikashuka mpaka asilimia 18.3 mwaka 1993, ikashuka mpaka 13.3 mwaka 1996. Karagwe mwaka 1999 ilikuwa 2.6. Hii ni moja ya sehemu za kwanza barani kuonyesha kwa hesabu, si kwa matumaini, kwamba ugonjwa ule unaweza kurudishwa nyuma, na dawa za kurefusha maisha zilikuwa bado hazijafika kwa mtu wa kawaida. Watu wenyewe walibadilika. Ndugu zangu, hiyo ni habari kubwa! Kwingine wangetengeneza sinema. Sisi tumetengeneza nini? Vijitabu ambamo mhusika anapenda disko ukurasa wa tano, anakonda ukurasa wa arobaini, anakufa ukurasa wa mwisho, na mwandishi anatikisa kidole. Tumewazika ndugu zetu mara mbili, mara ya pili kwa hadithi mbaya.

Na watafiti nao nawadai. Damu ilitolewa kwa Kihaya, Kinyambo na Kiswahili. Majibu yakatoka kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo bei yake ni mshahara wangu wa mwezi. Bibi yangu ni mmoja wa waliochomwa sindano za watu wa vipimo miaka hiyo. Nilipomsomea zile asilimia mwaka jana, nikimfafanulia, alinyamaza, kisha akauliza, "Kumbe walihesabu?" Miaka zaidi ya 30 amekaa akidhani damu ile ilitupwa.

Mnadhani hilo ni dogo? Twendeni 2023. Machi 21 serikali ikatangaza Marburg, Bukoba vijijini. Watu tisa, sita wakafa, na miongoni mwa waliokufa alikuwemo mtumishi wa afya. Januari 2025 ikarudi, safari hii Biharamulo: kumi waliohesabiwa, na wote kumi wakafa. Nilikuwa dukani siku zile. Maneno niliyoyasikia kwenye benchi la nje: eti hakuna ugonjwa, wanatafuta hela za wafadhili, eti wamekuja kununua damu, eti virusi vimeletwa kwenye chupa. Msiwacheke. Mtu ambaye babu yake aliambiwa sindano ya aseniki haina sumu, na bibi yake akatoa damu asipewe jibu, ana haki ya kuuliza. Tatizo ni kwamba hana pa kuulizia. Hakuna kitabu cha Kiswahili chenye hadithi nzuri kinachomwonyesha jinsi mtu anavyofikia kujua jambo kuhusu ugonjwa: anavyokosea, anavyogombana na wenzake, anavyorudi kijijini na kuanza upya. Angekuwa nacho angejua kwamba virusi vya Marburg vilipewa jina la mji wa Ujerumani, kwa sababu huko mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliugua kutokana na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Yaani hata katika kisa hicho tumo, ila kama mzigo.

Mshikaji wangu atajibu kwamba wachapishaji hawataki. Kweli, hawataki. Mimi nimerudishiwa muswada mara mbili, mara ya pili bila hata barua, na chai ilikuwa imemwagika juu yake. Atajibu pia kwamba sisi hatukusoma sayansi. Mimi sikuisoma, na nimeonyesha hapa kwamba kamusi, fotokopi na kuuliza bibi vinakufikisha mbali kidogo. Asichoweza kujibu ni hili: kama tutaandika Koch bila wale 22, na UKIMWI bila Killewo na bila bibi aliyenyoosha mkono, tofauti yetu na yule anayeandika jambazi wa miwani ni nini? Wa jambazi angalau anakiri kwamba anatunga.

Mimi nimeshaanza. Nina madaftari mawili yaliyojaa, kisa cha mpapasa-tezi wa Kigarama, na nimekwama sura ya sita kwa sababu sijui majirani zake walimwitaje. Wajerumani wameandika jina lao la kazi, la wenyeji silioni popote. Kama kwenu ni Kiziba, Kanyigo, au popote pembezoni pale, na kuna mzee ambaye babu yake alikuwa akipita kushika watu shingo wakati wa Mjerumani, muulize kabla hajaondoka. Uliza na kama walikuwa na wimbo wa kumkimbia. Niandikie kupitia mhariri, au ukipita Kayanga na basi la Bukoba shuka, uliza duka la steshenari karibu na stendi. Nauli ya kurudi tutachangiana.